Pointi Moja ya Aliyeshindwa

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanalijua jina la Brock Lesnar. Wamemwona kwenye vibanda vya video na kwenye runinga za majumbani, mtu wa miraba minne, akiwanyanyua wenzake juu na kuwabwaga katikati ya kamba za ulingo. Mieleka ile ni maonyesho. Mshindi hupangwa kabla taa hazijawashwa. Lakini Lesnar huyo huyo, kabla ya fedha na fataki, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na mieleka aliyocheza huko haikupangwa na mtu. Mwaka 1999 alifika fainali ya taifa ya uzito wa juu, akashindwa na Stephen Neal wa Cal State Bakersfield kwa 3–2. Mwaka uliofuata, mjini St. Louis, akarudi na kuchukua ubingwa.

Mieleka hiyo ya vyuo vya Marekani ndiyo mada ya mazungumzo ya leo, msikilizaji, na hasa sehemu yake isiyosimuliwa sana huku kwetu: pambano la timu kwa timu. Wapenzi wa kandanda husema mpira unadunda. Mwenye kuufuatilia mchezo huu kwa makini atakubali kwamba mkeka wa mieleka nao unadunda, tena kwa namna inayohitaji hesabu ili kuielewa.

Mambo huendeshwa hivi. Chuo kimoja hukaribisha kingine. Kila kimoja kina wapiganaji kumi, mmoja kwa kila uzito, kuanzia pauni 125, yaani karibu kilo 57, hadi pauni 285, ambazo ni kilo 129. Wanaingia mkekani wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, na kupigana kwa dakika saba: tatu za mwanzo, kisha mbili, kisha mbili. Katikati ya pambano hakuna wa kubadilishwa wala wa kupewa pasi. Mwili umechoka au haujachoka, ni wako mwenyewe. Yakiisha mapambano yote kumi, pointi za timu zinajumlishwa.

Kwenye kujumlisha ndipo mambo yanapogeuka, kwa sababu ushindi na ushindi haulipi sawa. Anayemzidi mwenzake kwa pointi moja hadi saba huiletea timu yake pointi 3. Akimzidi kwa nane hadi 14, timu inapata 4. Akifikisha tofauti ya 15, pambano linasimamishwa hapo hapo na timu inapata 5. Na akifanikiwa kumlaza mwenzake chali na kuyabana mabega yote mawili chini kwa sekunde moja tu, kazi imekwisha, timu inavuna 6, hata kama dakika moja nyuma yeye ndiye aliyekuwa akizidiwa.

Chukua kalamu na karatasi. Timu iliyoshinda mapambano sita kwa tofauti ndogo ndogo ina pointi 18. Wapinzani wao wameshinda manne tu, lakini yote manne kwa kubana mabega, na wana 24. Walioshinda mara nyingi zaidi ndio wanaopanda basi kurudi kwao wameshindwa.

Ukitaka kuuona undani wa jambo hili, tazama majira ya baridi ya 2019 kuingia 2020. Katika majuma yasiyozidi kumi na mbili, vigogo vilianguka kimoja baada ya kingine.

Timu ya chuo cha Penn State ndiyo iliyokuwa mbabe wa zama hizo. Kocha wake, Cael Sanderson, alipokuwa mwanafunzi wa Iowa State alipigana mara 159 bila kushindwa hata mara moja, akatwaa ubingwa wa taifa miaka minne mfululizo, 1999 hadi 2002, kisha medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Alipewa timu ya Penn State mwaka 2009. Kufikia 2019 timu hiyo ilikuwa na mataji manane ya taifa chini yake, na ilikuwa imeshinda mapambano 60 ya timu kwa timu mfululizo. Ijumaa ya tarehe 22 Novemba 2019 ikasafiri hadi Tempe, kwenye jangwa la Arizona, kukutana na Arizona State. Ikapoteza 19–18. Mapambano sitini ya ushindi yakakatwa na pointi moja.

Baadaye, tarehe 31 Januari 2020, ikaingia Carver-Hawkeye, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Iowa. Huko mieleka ni kama dini. Dan Gable, aliyeifundisha timu ya Iowa hadi mwaka 1997, aliipa mataji 15 ya taifa, na watu wa jimbo hilo la mahindi wanayataja majina ya wapiganaji wao kama wengine wanavyotaja majina ya wafungaji mabao. Usiku ule Iowa ilikuwa ya kwanza kwa ubora nchini, Penn State ya pili, na ukumbi ulisheheni watu karibu 15,000.

Mapema tu mahesabu yakavurugika. Kwenye uzito wa pauni 133, Austin DeSanto wa Iowa aliumia na kushindwa kuendelea dhidi ya Roman Bravo-Young. Pambano lililotazamiwa kuwa la nipe nikupe, ambalo mshindi angechukua pointi 3, likaipa Penn State 6 kwa mkupuo. Hakuna kocha anayeweza kuliandika jambo hilo kwenye daftari lake la maandalizi.

Kisha ikaja zamu ya pauni 174. Mark Hall wa Penn State alikuwa bingwa wa taifa wa mwaka 2017, na msimu huo alitajwa kuwa nambari moja. Mbele yake alisimama Michael Kemerer, kijana ambaye msimu wote uliotangulia alikuwa nje kwa majeraha, na ambaye awali alikuwa akipigana kwenye pauni 157. Kupanda kutoka 157 hadi 174 si mchezo. Ni kuwafuata watu wenye vifua vipana zaidi na mikono mizito zaidi. Kemerer akashinda 11–6.

Hata hivyo, lilipobaki pambano moja, Penn State bado ilikuwa mbele kwa 17–16. Waliobaki walikuwa vijana wawili wa uzito wa juu, wote wakiwa katika msimu wao wa kwanza wa mashindano: Tony Cassioppi wa Iowa na Seth Nevills wa Penn State. Wazoefu wote walikuwa wamemaliza kazi na kukaa, na matokeo ya vyuo viwili bora kuliko vyote yakawa juu ya mabega ya hao wageni wa mkekani. Cassioppi alishinda 7–0. Iowa 19, Penn State 17.

Siku tisa baadaye, Jumapili ya tarehe 9 Februari, kikaanguka kigogo kingine upande wa mashariki. Cornell ilikuwa imeshinda mapambano 92 mfululizo dhidi ya vyuo vya ligi yake, ile ya Ivy. Princeton ikaikatiza kwa 19–13 na kuchukua taji la ligi hiyo kwa mara ya kwanza tangu 1986. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1993 uongozi wa Princeton ulitangaza kuifuta mieleka chuoni hapo. Wahitimu wake wakapigania, wakachangishana fedha, hadi mchezo ukabaki. Ni kweli pia kwamba Cornell msimu ule haikuwa na Yianni Diakomihalis, bingwa wa taifa wa 2018 na 2019, aliyekaa pembeni akiifukuzia Olimpiki. Lakini hiyo nayo ni sehemu ya mchezo wenyewe. Timu ni watu kumi, na mmoja akikosekana, pengo lake halizibwi kwa kumrudisha kiungo nyuma au kujaza beki wa ziada.

Baada ya mapambano kama hayo, magazeti humtaja aliyeshinda pambano la mwisho, na ni haki yake. Ila mtu akiifuata hesabu ya 19–18 kwa uaminifu, atagundua kwamba timu iliyopata 19 haikuokolewa na washindi wake peke yao. Iliokolewa pia na walioshindwa, wale waliokataa kushindwa vibaya. Huyo ndiye mtu ambaye mchezo huu unamthamini kuliko michezo mingi, na ndiye anayestahili dakika chache za masikio yetu leo.

Mchukue kijana mmoja, wa kubuni, lakini anayeweza kuonekana katika ukumbi wowote wa mieleka. Ni wa pauni 149. Si nyota. Mpinzani wake yumo kwenye kila orodha ya wanaotazamiwa kuwa mabingwa. Dakika ya sita imekatika na ubao unaonyesha 10–3. Kijana yuko chini, magoti na viganja vimekita mkekani, na mpinzani amemlalia mgongoni, mkono mmoja umezunguka kiuno, mwingine umekamata kifundo cha mguu. Kushinda hakuwezekani tena, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote ukumbini.

Lakini pale mezani kuna saa ya pili. Inahesabu muda ambao mtu anamkalia mwenzake juu. Mwenye ziada ya dakika nzima huongezewa pointi moja mwisho wa pambano. Saa hiyo sasa inasoma sekunde 48, na inazidi kwenda. Ikitimia dakika, 10–3 itakuwa 11–3. Tofauti ya saba itakuwa ya nane, na timu yake italipa pointi 4 mahali pa 3.

Kijana anakita mguu wa kulia na kuinuka nusu. Anavutwa chini. Sekunde 52. Anainuka tena, safari hii kwa miguu yote miwili, na mikono ya mpinzani imemfunga tumboni kama mshipi. Anaikamata mikono ile, anaisukuma chini kwa nguvu zake zote, anazungusha nyonga, mshiko unapasuka, anageuka uso kwa uso. Mwamuzi ananyoosha kidole kimoja. Pointi moja ya kujinasua. Saa ya pili imesimama kwenye 57.

Filimbi inalia, 10–4. Mkono unaoinuliwa si wake. Anarudi kwenye viti akihema, jasho linamtiririka kidevuni, na kabla hajakaa wenzake wote wameshasimama na kumpigia makofi. Mtu aliyeingia ukumbini wakati huo, asiyejua sheria, angeshangaa kwa nini aliyeshindwa anapokewa hivyo. Ukumbi wa wenyeji unajua. Na kama usiku huo utaisha kwa 19–18, kila mmoja pale ataikumbuka sekunde ya 57.

Tangu msimu wa 2023–24 kazi ya kijana huyo imekuwa ngumu zaidi. Kumwangusha mtu chini, ambako kwa miaka mingi kulileta pointi 2, sasa kunaleta 3. Kujinasua bado ni pointi moja. Zamani bingwa aliyemwangusha mwenzake na kumwachia makusudi ainuke, ili amwangushe tena, alijiongezea tofauti ya pointi moja kila mzunguko. Sasa ni mbili. Tofauti ya nane inafikiwa haraka, ya 15 nayo haraka, na timu yenye mabingwa wawili watatu wenye kasi inaweza kuchota pointi za ziada mapema kabla wapinzani hawajatulia. Wengine wanaona mabadiliko hayo yanazibeba timu kubwa. Kwa mtazamo wa mazungumzo haya, yameongeza thamani ya yule anayejua kujilinda, maana anachokizuia sasa ni kikubwa zaidi.

Yapo mengine yanayoyumbisha matokeo kabla mtu hajaingia mkekani. Kwanza hurushwa sarafu. Sarafu ndiyo inayoamua ni timu gani italazimika kumtaja mtu wake kwanza kwenye mapambano ya namba witiri, na ipi kwenye ya namba shufwa. Anayetaja wa pili ana nafasi ya kumtazama aliyekwisha kujitokeza na kuchagua wake. Tena sheria inamruhusu mpiganaji aliyepimwa kwenye uzito wake apande ngazi moja. Kocha mjanja anaweza kumpandisha bingwa wake ngazi moja, amkwepeshe na bingwa mwenzake, na kumwacha bingwa wa upande wa pili amshinde mtu ambaye hata hivyo angeshindwa. Mpangilio wenyewe nao hauanzii lazima kwenye 125. Makocha wanaweza kukubaliana uzito wa kuanzia, au upatikane kwa kura, kisha mapambano yanakwenda kwa zamu hadi yamalizike kwenye uzito ulio kabla ya ule wa kuanzia. Timu yenye wazito hodari hupenda wawe wa mwisho. Wengine hutaka waanze nao, ili wapinzani wapigane huku wakitazama deni ubaoni.

Halafu kuna mizani. Hapa sauti inafaa kushuka kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1997, ndani ya majuma kama matano, vijana watatu wa vyuo vitatu tofauti vya Marekani walikufa wakijaribu kupunguza uzito kwa haraka, wakitoa jasho na kujinyima maji ili wafikie kipimo. Mchezo mzima ulitikisika. Nguo za mpira za kutokea jasho na vyumba vya joto vikapigwa marufuku, vipimo vya uzito vikapandishwa, na upimaji ukasogezwa karibu na pambano, ili mtu asiwe na nafasi ya kujikausha usiku na kujijaza asubuhi. Siku hizi kwenye pambano la timu mizani hupandwa saa moja kabla. Anayezidi kipimo hapigani, na timu isiyo na mtu wa uzito huo inawapa wapinzani pointi 6 bila jasho kumtoka mtu. Ni sheria kali, na ni sheria njema.

Pengine swali linalowasumbua wengi ni hili: timu inawezaje kushindwa na chuo kingine mwezi wa Februari, kisha iwe bingwa wa nchi mwezi wa Machi? Jibu lipo kwenye msimu wa 2013. Mnamo Februari mwaka huo Penn State ilipoteza kwa Iowa, 22–16. Mwezi mmoja na ushei baadaye, mjini Des Moines, katikati ya jimbo hilo hilo la Iowa, Penn State ikatwaa taji la taifa. Iliingiza watu watano kwenye fainali. Ed Ruth na Quentin Wright wakashinda, na watatu wengine, David Taylor akiwemo, wakawa wa pili. Mashindano ya Machi huhesabu kila mtu anakofika dhidi ya nchi nzima, kwa hiyo vigogo watano wanaweza kuibeba timu yote. Pambano la timu kwa timu haliwaruhusu. Hata vigogo watano wakishinda wote, yapo mapambano mengine matano ambayo wapinzani wanaweza kuyachukua, na hapo mtu wa nane na wa tisa wa kikosi, asiyejulikana hata na majirani wa bweni lake, ndiye anayeamua.

Ndiyo maana watu hujaa. Tarehe 14 Novemba 2015 Iowa iliutoa mkeka nje, ikautandika katikati ya uwanja wa Kinnick unaochezewa mpira wa Kimarekani, na kuialika Oklahoma State. Watazamaji 42,287 walikaa nje kuangalia vijana ishirini wakipigana wawili wawili. Iowa ilishinda 18–16. Umati wa maelfu, na tofauti ya pointi mbili.

Tukirudi kwenye ule msimu wa 2020, Hall na Kemerer walikutana tena mwezi wa Machi, kwenye fainali ya ligi yao, Big Ten. Safari hii Hall alilipiza. Watu wale wale, uzito ule ule, majuma matano tu kati ya siku na siku, na matokeo yakapinduka. Iowa ikachukua taji la ligi kama timu. Kilichobaki kilikuwa mashindano ya taifa ya Minneapolis, ambayo yalipangwa kufanyika kwenye U.S. Bank Stadium, uwanja wa mpira wa Kimarekani wenye paa, mahali ambapo mashindano ya taifa ya mieleka ya vyuo hayakuwahi kufanyika. Hall alikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Kila shabiki alikuwa akisubiri pambano lao la tatu.

Tarehe 12 Machi 2020 mashindano yakafutwa kwa sababu ya korona. Katika mieleka ya vyuo, kati ya Mark Hall na Michael Kemerer, hesabu imebaki moja kwa moja. Na tangu ule usiku wa 19–17 pale Carver-Hawkeye hadi msimu wa 2024–25 ulipofungwa, Penn State haikupoteza tena pambano hata moja la timu kwa timu.